Chama chetu cha siagi ya njugu kinataka mashine. Tuanze na ipi?

SWALI

Hamjambo wahariri wa safu,

Sisi ni chama cha akina mama 22, na vijana watatu wanaotusaidia, huku Nambale, Kaunti ya Busia. Tunatengeneza siagi ya njugu. Tunanunua njugu zilizobanguliwa kwa shilingi 180 kilo, tunazikaanga kwa sufuria kubwa juu ya kuni, tunatoa ngozi kwa mkono, kisha tunazipeleka Busia mjini kusagwa kwa shilingi 30 kila kilo. Tunakwenda mara mbili kwa mwezi. Nauli na mzigo ni shilingi 300 kila safari. Tunauza karibu chupa 120 za gramu 400 kwa mwezi, nyingi kwa maduka ya Busia, nyingine kwa duka moja la Kisumu. Juzi duka hilo la Kisumu liliturudishia chupa 30. Wateja walisema siagi ina uchungu, na mafuta yanaelea juu.

Tumeweka akiba ya shilingi 160,000. Wakala mmoja kutoka Nairobi anatuuzia mashine ya kusaga kwa 385,000. Inasaga kilo 200 kwa saa na mota yake ni ya nguvu-farasi 10. Anasema kuna mafunzo ya siku tatu kwenye hoteli Kisumu, shilingi 12,000 kila mtu. Fundi wa jua kali wa Bumala anasema atatuundia ya kusaga kwa 140,000, na ya kukaanga kwa 70,000. Mweka hazina anataka tuchukue mkopo tununue ile ya Nairobi. Wengine wanaogopa mashine ya jua kali. Tufanye nini, na tumpeleke nani mafunzoni?

Katibu wa chama, Nambale

JIBU

Mama Katibu,

Msinunue mashine ya kusaga kwa sasa, iwe ya Nairobi au ya Bumala. Anzeni na ya kukaanga, na muiunde hapo Bumala.

Tazama hesabu. Chupa 120 za gramu 400 ni kilo 48, na kilo 48 kwa shilingi 30 ni 1,440. Ukiongeza nauli 600, mnatoa 2,040 kila mwezi ili kusagiwa. Mashine yenu itawaokolea hizo 2,040, basi. Faida nyingine yote ya chupa mnayo tayari, hata anayesaga akiwa mtu mwingine. Ukigawanya 385,000 kwa 2,040, unapata miezi 188, yaani zaidi ya miaka 15. Ile ya 140,000 itajilipa kwa karibu miaka sita, na hapo hamjalipa stima wala beringi hata moja. Isitoshe, mashine ya kilo 200 kwa saa itamaliza kazi yenu ya mwezi mzima kwa robo saa, kisha ikae. Kila mkisaga, kiasi fulani cha siagi hubaki kimeganda kwenye mdomo na meno ya mashine. Mtu anayesaga kilo 500 hahisi hasara hiyo. Anayesaga kilo 20 anaihisi sana. Na mota ya nguvu-farasi 10 huhitaji stima ya fezi tatu, ile ya nyaya tatu za moto. Kabla ya kumsikiliza wakala yeyote, muulizeni fundi wa stima kama nguzo iliyo karibu nanyi ina fezi tatu. Vijijini nyingi zina moja tu.

Kilichowarudishia chupa 30 ni moto, na njugu zenyewe. Sufuria juu ya kuni huunguza njugu za chini, za juu zikabaki mbichi. Chache zilizoungua zinatosha kutia uchungu batchi nzima. Jipimeni hivi: baada ya kukaanga, chukueni njugu 20 kutoka pembe mbalimbali za sinia, zipasueni katikati. Ndani na nje ziwe rangi moja, hudhurungi nyepesi. Zikiwa nyeusi nje na nyeupe ndani, moto ulikuwa mkali mno. Zikiwa mchanganyiko, hazikugeuzwa sawasawa.

Mafuta kuelea ni jambo la kawaida kwa siagi isiyotiwa kitu cha kuyashika. Huzidi pale siagi ikiwa imesagwa chengachenga au imejazwa ingali moto. Subirini ipoe mpaka chombo chake kisiunguze kiganja, ndipo mjaze chupa na kufunika. Kwenye lebo andikeni kwamba mafuta hupanda juu, mteja akoroge kabla ya kutumia. Vipo viungo vya kushika mafuta, lakini hutiwa kidogo sana, asilimia 1 hadi 2, na hulazimu siagi iwe moto wa kutosha kuviyeyusha. Kwa sasa waelezeni wateja ukweli tu.

Sasa mashine ya kukaanga. Ya kilo 25 kwa mara moja inawatosha hata mkiongeza kazi mara sita. Pipa liwe na kipenyo cha sentimita 50 na urefu wa sentimita 60. Njugu kilo 25 zitajaza kama theluthi moja, na hiyo ndiyo nafasi zinayohitaji ili zigeuke. Mkijaza nusu pipa, zitateleza pamoja bila kupinduka. Ndani fundi achomelee mapezi manne ya kimo cha sentimita 5, yaliyoinama kidogo. Pipa lizunguke polepole, kama mara 25 hadi 30 kwa dakika. Mota ya mizunguko 1,440 ikifungwa giaboksi ya 1 kwa 40 hutoa mizunguko 36. Puli ya inchi 3 upande wa giaboksi na ya inchi 4 upande wa pipa huishusha hadi 27. Mota ya nguvu-farasi moja yatosha.

Nje ya pipa pawe na kasha la bati lenye kuta mbili, katikati mkijaza pamba ya kioo sentimita 5. Bila hiyo makaa huisha na jasho la wapishi huisha. Makaa yakae kwenye trei inayovutwa nje kama droo. Hili msilikose, wala mkono wa kuzungushia pipa. Stima ikikatika katikati ya kazi, pipa husimama, na njugu kilo 25 huungua kwa dakika chache. Trei ikivutwa na mtu akashika mkono, hampotezi kitu. Moshi usifike kwenye njugu. Uwe na bomba lake la kutokea.

Kuhusu woga wa jua kali: woga wenyewe una sababu, ila dawa yake ni kujua la kudai. Kila kinachogusa njugu kiwe chuma kisichoshika kutu, cha daraja la 304, unene wa milimita 1.5 hadi 2. Pipa kuukuu la mafuta au la kemikali halifai hata likichomwa na kusuguliwa mara ngapi, na bati la mabati hutoa zinki likipata moto. Sumaku isishike pipa, isipokuwa kidogo sana kwenye mikunjo. Lakini sumaku pekee haitoshi, kwa kuwa daraja la 201, ambalo ni rahisi zaidi, nalo halishikwi na sumaku na bado hupata kutu. Dai risiti ya duka la vyuma iliyoandikwa 304, kisha chukua kipande kilichobaki, kipake maji ya chumvi, kiache siku mbili. Doa la kahawia likitokea, mmeuziwa kingine. Viungo vya ndani vichomelewe kwa vijiti vya chuma hichohicho, visuguliwe viwe laini. Mkichomelea kwa vijiti vya kawaida, kutu huanza kwenye mstari wa kiungo.

Beringi zikae nje ya kasha, mbali na ukuta kwa upana wa vidole vinne, ili grisi isiyeyuke ikadondokea chakula. Ekseli ikiwa ya milimita 25, beringi pamoja na nyumba yake huitwa UCP 205, na mtazipata kwenye duka lolote linalouza vipuri vya posho mili na vya mashine za kukata nyasi. Hapo ndipo ubora wa mashine ya jirani ulipo. Ile ya kutoka mbali ikivunjika sili moja ya mpira, mnaweza kukaa wiki kadhaa mkingoja. Mwambieni fundi apake kwenye kasha, kwa rangi, namba za beringi, za mkanda na za puli. Fundi akihama, namba zinabaki.

Malipo myagawe mara tatu: nusu ya kununulia vyuma, nanyi mpewe risiti, asilimia 30 pipa likishazunguka tupu, na 20 iliyobaki baada ya kukaanga njugu zenu wenyewe, batchi mbili, mkapasua zile 20 na kuridhika. Muandikiane, na vipimo vyote viwemo kwenye karatasi. Mchoro wa penseli wenye milimita unafaa kabisa.

Kukaanga kwenyewe: pasheni pipa mpaka kipimajoto kisome nyuzi 160 za Selsiasi hivi, tieni njugu, na mtarajie kama dakika 40. Kuanzia dakika ya 30 toeni njugu chache kila dakika tatu mzipasue. Ziondoeni zikiwa bado hazijafika rangi mnayoitaka, maana zinaendelea kuiva zikiwa nje. Zitandazeni kwenye sinia kwa kina kisichozidi sentimita 3, na feni izipulize zipoe ndani ya robo saa. Mtu akiziacha kwenye gunia zingali moto, zitaungua humo gizani. Makaa, jiko likiwa baridi, ni kilo 3 hadi 4. Batchi inayofuata hula makaa machache kuliko hayo. Na msichanganye njugu kubwa na ndogo kwenye pipa moja. Aina za Red Valencia na CG 7 hazilingani ukubwa, basi hazitaiva pamoja.

Tuje kwenye njugu, na hapa tunaomba chama kizima kisomewe, si viongozi pekee. Aflatoksini, ile sumu inayotolewa na kuvu, haina ladha wala harufu. Njugu iliyooza huwa chungu, lakini sumu yaweza kuwemo hata kwenye siagi tamu. Kukaanga huipunguza tu, hakuiondoi. Mwaka 2004 watu 125 walifariki Ukambani kwa mahindi yenye sumu hiyo, na mwaka 2019 KEBS, shirika la viwango la Kenya, ilisimamisha chapa kadhaa za siagi ya njugu kwa sababu hiyohiyo. Kiwango kinachoruhusiwa ni mikrogramu 10 kwa kilo kwa jumla, na 5 kwa ile aina ya B1. Siagi huliwa na watoto, mara nyingi kila asubuhi. Hakuna akiba ya pesa inayolingana na hilo.

Chanzo kikubwa cha sumu hiyo kwenu huenda ni kubangua. Wauzaji wengi hunyunyizia njugu maji ili maganda yalainike na mikono isiumie. Maji hayo yakikaa siku mbili ndani ya gunia, kuvu imeshaanza. Nunueni njugu zikiwa na maganda, au kutoka kwa mkulima mnayejua habangui kwa maji. Mashine ndogo ya kubangua ya kuzungusha kwa mkono huundwa na mafundi haohao, na chama kinaweza kuwakodishia wakulima. Kumbukeni kuwa kilo 100 zenye maganda hutoa kama kilo 65 hadi 70 za punje. Bei mnayotoa ifuate hesabu hiyo. Njugu kavu, unyevu usiozidi asilimia 7, hugongana ndani ya ganda ukilitikisa, ngozi yake huchubuka kwa kusuguliwa kidogo, na punje huvunjika kwa mlio. Anikeni juu ya turubai au kichanja, msianike chini kwenye udongo.

Kisha chambueni kabla ya kukaanga, kwa sababu baada ya kukaanga rangi mbaya hujificha. Meza nyeupe, mwanga wa mchana, watu wanne. Toeni zilizosinyaa, zenye madoa, zilizotobolewa na wadudu, zilizochipua. Mkipoteza kilo 5 au 6 kwa kila 100, hizo ndizo zilizobeba sehemu kubwa ya sumu. Msiwape kuku, wala msiziuze kwa wachuuzi wa karanga za barabarani. Zichomeni au mzifukie. Chambueni tena mkishatoa ngozi.

Maji yasikaribie kazi tangu kukaanga hadi kufunika chupa. Vyombo vioshwe jioni na vikauke kabisa usiku kucha. Siagi karibu haina maji, kwa hivyo vijidudu vya kuharisha haviwezi kuongezeka humo, lakini vikiingia hukaa hai kwa miezi mingi.

Akiba yenu basi tungeigawa hivi: 70,000 ya mashine ya kukaanga, kama 25,000 ya meza, turubai, mizani, kipimajoto, sinia na feni, na 65,000 zilizobaki za kununulia njugu wakati wa mavuno, kati ya Julai na Agosti, bei ikiwa chini. Hata kwa bei yenu ya leo hizo ni kilo 361 za punje. Zihifadhini ndani ya magunia yasiyopitisha hewa, zikiwa kavu. Kuingiza njugu zenye unyevu kwenye magunia hayo ni kuziharibu.

Mafunzo. Siku tatu hotelini, kwa mashine ambayo haiko kwenu, hazina faida. Ombeni anayewafundisha aje kwenye banda lenu, njugu zikiwa motoni. Wachagueni watu watatu wenye kazi tofauti: mmoja wa kununua na kuchambua, mmoja wa kukaanga, na mmoja wa kutunza mashine. Huyo wa tatu awe mmoja wa vijana wenu, na ashinde karakana na fundi wa Bumala siku zote mashine inapoundwa, akishika spana mwenyewe. Akipenda kazi, kuna vyuo vya ufundi vya kaunti, na NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani, ina kituo Kisumu. Hata aliyejifunzia jua kali anaweza kufanya mtihani wa ufundi wa daraja la tatu akapata cheti. Kwa upande wa kutengeneza chakula, KIRDI, taasisi ya utafiti wa viwanda, nayo iko Kisumu. Nendeni na sampuli na maswali yaliyoandikwa. Mbegu na kilimo, waulizeni watafiti wa kilimo wa KALRO kituo cha Alupe, ni jirani zenu. Kila mmoja wa hao watatu afundishe mwingine ndani ya mwezi, la sivyo mtu akiolewa au akipata kazi mjini, ujuzi umekwenda naye.

Mashine ya kusaga itafuata mkifika kama kilo 300 kwa mwezi. Hapo mtakuwa mnalipa 9,000 za kusagiwa na labda 2,400 za safari nane. Ukitoa stima kama 900 na kuweka 1,500 ya matengenezo, mnaokoa 9,000, na 140,000 hurudi kwa miezi 16 hivi. Ya nguvu-farasi 3, fezi moja, itatosha. Msiichomeke kwenye soketi ya ukutani: mota hiyo huvuta zaidi ya ampea 13, na plagi huyeyuka. Iwe na waya wake wa milimita 4 za mraba kutoka kwenye bodi, swichi yake, na stata, yaani kifaa cha kuwashia mota, yenye ulinzi wa kuzidiwa. Jioni, stima ikiwa dhaifu, mota hunguruma bila kushika kasi. Izimeni mara moja, kwa kuwa ikiendelea hivyo koili zitaungua. Sageni asubuhi. Na kama sahani za kusagia ni za chuma cha kawaida, pitisheni sumaku yenye nguvu pale siagi inapotokea, muone inakusanya nini. Ikianza kukusanya unga mweusi, sahani zimekwisha.

Mkopo wa mifuko ya serikali, kama Uwezo au Women Enterprise Fund, uwasubiri hapo. Kuuchukua sasa kwa mashine itakayokaa bure kungewafanya mlipe kwa mifuko yenu.

Kuhusu lile duka la Kisumu, msiwapelekee tena mzigo mpaka batchi mbili za pipa jipya zipimwe. Chukueni njugu au siagi kidogokidogo kutoka kila gunia na kila ndoo, mchanganye, mtoe sampuli ya kilo mbili. Punje moja mbovu yaweza kubeba sumu ya maelfu, kwa hivyo kijiko kimoja kutoka chupa moja hakisemi kitu. Ulizeni ofisi ya KEBS ya Kisumu kuhusu kupimwa na alama ya ubora, na kabla yao muwe na leseni ya biashara ya kaunti, banda lililokaguliwa na afisa wa afya, na vyeti vya afya vya wote wanaoshika chakula, ambavyo hurudiwa kila miezi sita. Kila chupa iandikwe namba ya batchi na tarehe. Chupa ikirudi siku nyingine, mtajua gunia lililohusika na mkulima aliyeliuza, na mtaitisha za batchi hiyo peke yake.